Kusoma mawe ya Jaipur: mwongozo kamili wa Jantar Mantar, na jinsi ya kujitengenezea samrat (saa ya jua) uani

Wageni wengi wanaofika Jantar Mantar ya Jaipur, India, uwanja wa vifaa vikubwa vya mawe vya kutazama anga, hawakai humo hata saa nzima. Wanapiga picha mbele ya ngazi ndefu inayopanda na kuishia hewani, mwongozaji anawaonyesha nyota zao za kuzaliwa, wanatoka kwenda kasri la Hawa Mahal. Hakuna ubaya. Ila wametoka bila kusoma chochote, na pale kila ukuta ni rula. Ukijua pa kusimama na cha kutazama, jiwe litakupa saa, kimo cha jua, hata tarehe, bila lenzi wala betri.

Watu wetu wengi hufika Delhi kwa matibabu, masomo au biashara, na kutoka Delhi hadi Jaipur ni kilomita 270 hivi. Treni ya asubuhi inakufikisha kabla ya jua la mchana. Asiye na safari ya India asikate tamaa: sehemu ya mwisho ya mwongozo huu ni ya kutengeneza samrat, saa ya jua ya aina ya pale pale, kwa bomba la plastiki, kwa mtu wa Dar, Nairobi, Lubumbashi au Maskati.

Kwa nini mtu ajenge kwa mawe

Mwenye kazi hii ni Sawai Jai Singh wa Pili, mtawala wa ufalme wa Amber aliyezaliwa 1688 na kufa 1743, ndiye pia aliyeanzisha mji wa Jaipur mwaka 1727. Alijenga vituo vitano vya kutazama anga: Delhi, Jaipur, Ujjain, Varanasi na Mathura. Cha Mathura kilishabomolewa zamani. Cha Jaipur ndicho kikubwa na kilichokamilika zaidi, na UNESCO ilikiingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2010.

Ulaya wakati huo darubini ilikuwa na zaidi ya miaka mia moja. Jai Singh alizijua darubini, na alituma ujumbe hadi Ureno ukamletea majedwali ya mwendo wa jua, mwezi na sayari ya Mfaransa de La Hire. Alipoyalinganisha na anga lenyewe, aliona mahali pa mwezi pamekosewa kwa karibu nusu digrii. Vyombo vya shaba navyo alishavijaribu, na malalamiko yake ni ya kifundi kabisa: ni vidogo mno kuchorwa alama za dakika (sehemu ya sitini ya digrii), ekseli zinalika, vinacheza, vinahama mahali pake. Jiwe na chokaa havichezi. Kwa hiyo akafuata njia ya mtawala na mwanafalaki Ulugh Beg, ambaye huko Samarkand miaka ya 1420 alijenga tao la kupimia lenye nusu kipenyo cha mita 40 hivi, nusu yake ikiwa imechimbiwa ardhini. Hesabu ni nyepesi: tao likiwa kubwa, digrii moja inakuwa ndefu, na digrii ikiwa ndefu unaweza kuigawa vipande vidogo zaidi.

Hoja hiyo ni kweli nusu tu. Nusu ya pili utaiona mwenyewe kwenye hatua ya pili.

Kabla ya kwenda

Chagua siku ya jua. Kuanzia Novemba hadi Machi anga la Jaipur huwa safi na joto linavumilika. Julai na Agosti ni mvua za masika ya huko, mawingu yanaweza kukunyima kivuli siku nzima, na Mei joto hupita digrii 40 na kule ndani hakuna mti wa maana wa kujifichia. Fika kama saa tatu asubuhi ili upate muda wa kutosha kabla ya saa sita, maana saa sita ina kazi yake.

Beba saa iliyorekebishwa vizuri (ya simu inatosha), uzi mweusi wa kushonea kama nusu mita, daftari, kofia na maji. Usilitazame jua moja kwa moja, hata kwa sekunde. Hakuna kifaa hata kimoja humo kinachodai ufanye hivyo mchana. Vyote husoma kivuli au mwanga uliopita tunduni.

Hatua ya kwanza: anza na Samrat ndogo

Utavutwa na ile kubwa. Iache kwanza. Nenda kwenye Laghu Samrat Yantra, samrat ndogo (yantra ni kifaa), kwa sababu mizani yake, yaani alama za kusomea, unaweza kuikaribia hadi uso ukaribie marumaru.

Tazama umbo lake. Katikati kuna ukuta wa pembetatu kama ngazi, ukingo wake wa mshazari ukielekea kaskazini na kuinuka digrii 27. Hiyo ndiyo latitudo ya Jaipur, kwa hiyo ukingo unalenga Nyota ya Kaskazini, na uko sambamba na mhimili ambao dunia inauzunguka. Pande mbili za ukuta kuna matao mawili ya robo duara, moja magharibi na jingine mashariki, yamepinda kama mbavu. Haya yako sambamba na ikweta.

Mpango huo ndio siri yote. Jua linaonekana kuzunguka mhimili wa dunia digrii 15 kila saa, na kwa kuwa ukingo uko kwenye mwelekeo wa mhimili huo, kivuli chake kinatembea juu ya tao kwa mwendo ule ule kuanzia asubuhi hadi jioni, Januari hadi Desemba. Saa zote kwenye mizani zina urefu sawa. Kijiti ukikisimamisha wima kwenye mchanga hakikupi hilo: saa zake hubana na kutanuka kufuatana na msimu.

Asubuhi kivuli huanguka kwenye tao la magharibi, kikianzia juu na kushuka. Saa sita kinafika chini ukutani. Alasiri kinapanda tao la mashariki. Tarakimu za pale huhesabiwa kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo 9 ya asubuhi ni saa tatu yetu.

Hatua ya pili: tafuta ukingo wa kivuli

Hapa ndipo watu wanapokosea, na waongozaji wengi hupita haraka. Ukiinama karibu na mizani utaona kivuli hakina ukingo. Kuna sehemu nyeusi, kuna sehemu ya mwanga, na katikati kuna ukungu wa kijivu. Sababu ni kwamba jua si nukta. Ni sahani yenye upana wa nusu digrii, na anga linazunguka nusu digrii kwa dakika mbili hivi. Ukungu huo una upana wa dakika mbili kwenye kila samrat duniani, iwe ya mita 20 au ya kuwekwa mezani. Ukubwa wa jengo hauuondoi. Unautanua pamoja na mizani.

Dawa ni ule uzi. Ushike umekaza kati ya vidole viwili, sambamba na ukingo wa ukuta, kama sentimita moja juu ya marumaru. Uzi nao unatupa kivuli chake chembamba, na hicho kinaonekana vizuri kwa sababu uzi uko karibu na jiwe. Anza upande wenye mwanga kamili, sogeza taratibu kuelekea gizani. Kwanza kivuli cha uzi ni cheusi. Kinapoanza kufifia, weka kidole au kumbuka alama. Endelea hadi kitakapopotea kabisa. Kumbuka alama ya pili. Katikati ya hizo mbili ndiyo saa ya jua. Rudia mara kadhaa, uone namba zinavyokubaliana. Anayesoma kwa kukisia tu anaweza kukosea dakika nzima. Mwenye uzi, akishazoea, yuko chini ya robo dakika.

Hatua ya tatu: geuza saa ya jua iwe saa ya mkononi

Sasa linganisha na simu. Havitalingana, na mtu wa pembeni atakwambia jengo limezeeka. Halijazeeka. Kuna marekebisho mawili.

La kwanza ni la mahali. Saa ya India imewekwa kwa longitudo ya digrii 82 na nusu mashariki, ilhali Jaipur iko karibu digrii 75.8. Kila digrii ni dakika nne, kwa hiyo jua la Jaipur linachelewa dakika 27 hivi. Ziongeze, mwaka mzima.

La pili ni la tarehe. Dunia haiendi kwa kasi moja kuzunguka jua, na mhimili wake umeinama, hivyo jua huwahi au huchelewa kufuatana na mwezi. Karibu na tarehe 11 Februari linachelewa dakika 14: ongeza. Katikati ya Mei linawahi karibu dakika 4: toa. Mwishoni mwa Julai linachelewa dakika 6 na nusu: ongeza. Mwanzoni mwa Novemba linawahi dakika 16: toa. Karibu na 15 Aprili, 13 Juni, 1 Septemba na 25 Desemba huhitaji kugusa kitu.

Tuseme ni 11 Februari na kivuli kinasema saa nne na dakika 20 asubuhi. Ongeza 27, kisha 14: saa tano na dakika moja. Kivuli hicho hicho tarehe 3 Novemba kitakuwa saa nne na dakika 31. Nusu saa nzima ya tofauti, na jiwe halijasogea.

Hatua ya nne: sasa nenda kwa ile kubwa

Vrihat Samrat Yantra inafika mita 27, na matao yake yana nusu kipenyo cha mita 15 na ushei. Ukipiga hesabu, kivuli kinatembea zaidi kidogo ya milimita moja kwa sekunde, sentimita 6 na nusu kwa dakika. Simama kando ya tao, chagua alama moja ya marumaru na utulie. Utaona kivuli kinatembea kwa macho yako, kikimeza mstari mmoja baada ya mwingine. Sijui kitu kingine kinachomfanya mtu auone mzunguko wa dunia waziwazi hivyo. Ngazi usipande, hata kama mlinzi yuko mbali.

Alama ndogo kabisa za pale ni za sekunde mbili, na waongozaji hutangaza kwa fahari kwamba ndiyo saa ya jua sahihi kuliko zote. Kuwa na alama ya sekunde mbili si sawa na kusoma sekunde mbili. Ule ukungu wa dakika mbili hapa una upana wa sentimita 14, zaidi ya kiganja cha mkono. Kwa maoni yangu Samrat kubwa ni fahari ya mfalme kwanza, kifaa baadaye.

Hatua ya tano: saa sita, chumba cha giza

Kifaa ninachokipenda kuliko vyote hakionekani kwenye picha za watalii. Ndani ya majengo yanayobeba matao ya Samrat kubwa kuna vyumba vya giza vyenye Shasthamsa Yantra, tao la digrii 60, yaani moja ya sita ya duara. Juu kuna tundu dogo. Jua linapokata mstari wa kaskazini na kusini, mwanga hupita tunduni na kuchora sahani ya jua kwenye mizani iliyo chini. Badala ya kugombana na upana wa jua, chumba kinaupokea: unaona duara zima, unasoma ukingo wa juu na wa chini, katikati ndiyo jibu. Kwa kusoma huko Jai Singh aliweza kupima kimo cha jua kwa dakika za digrii, na hata upana wa jua lenyewe.

Kama mlango umefungwa, muulize mlinzi kwa adabu. Asipokubali, tumia Dakshinottara Bhitti, ukuta uliojengwa juu ya mstari wa kaskazini na kusini, wenye matao yaliyochorwa digrii. Unachosoma ni kimo cha jua saa sita. Kwenye Jaipur kimo hicho ni digrii 63 pale usiku na mchana vinapolingana, Machi na Septemba. Kinafika 86 na nusu Juni, na kushuka hadi karibu 39 na nusu Desemba. Toa 63 kwenye namba uliyosoma, na unajua jua liko umbali gani kaskazini au kusini ya ikweta. Ukiwa na namba hiyo umeshaikaribia tarehe. Kumbuka kwamba saa sita ya jua pale, kwa saa ya mkononi, huangukia kati ya saa sita na dakika 11 na saa sita na dakika 41.

Hatua ya sita: mabakuli mawili

Jai Prakash Yantra ni mabakuli mawili ya marumaru yaliyozamishwa ardhini, kila moja la kipenyo cha zaidi ya mita 5. Juu ya kila bakuli zimekazwa nyaya mbili zinazopishana, na kwenye makutano kuna kipete. Kivuli cha kipete hicho ndicho jua lako.

Anga limegeuzwa chini juu: mdomo wa bakuli ni upeo wa macho, kitako ni utosi wa anga. Jua likiwa mashariki kivuli kiko magharibi. Likipanda, kivuli kinazama. Hesabu miduara kutoka mdomoni kushuka, unapata kimo cha jua; soma mistari inayoshuka kutoka ukingoni hadi kitakoni, unapata upande wa dira. Kuna mistari mingine iliyochorwa kufuata ikweta, ya saa, ambayo unaweza kuilinganisha na ulichosoma kwenye Samrat ndogo.

Utauliza kwa nini yako mawili. Marumaru yamekatwa vipande, na kati ya vipande kuna nafasi za mtu kupita. Penye nafasi kwenye bakuli hili, pana jiwe kwenye lile. Kivuli kikiangukia nafasini, unahamia bakuli la pili na kukikuta juu ya jiwe. Nafasi hizo ni kwa ajili ya usiku: nyota haitupi kivuli cha kusomeka, kwa hiyo mtazamaji alishuka humo, akaweka jicho ukingoni mwa jiwe, akalisogeza hadi kipete na nyota vikapangana, kisha akasoma alama iliyokuwa karibu na jicho lake. Wewe unaweza kushuka kwa mawazo tu, maana usiku wageni hawaruhusiwi kufanya kazi humo.

Vingine pitia kwa kadiri ya muda. Ram Yantra ni Jai Prakash iliyonyooshwa kuwa pipa, na ni rahisi kuielewa baada ya bakuli. Nadivalaya ni sahani mbili, moja inatazama kaskazini, nyingine kusini: ya kaskazini hupata jua kuanzia Machi hadi Septemba, ya kusini miezi iliyobaki, kwa hiyo sahani yenye mwanga inakwambia uko nusu gani ya mwaka. Rasivalaya ni samrat kumi na mbili ndogo, moja kwa kila burji, kila moja ikitumika pale burji lake linapofika kwenye mstari wa kaskazini na kusini. Ndipo watu wanapopanga foleni wapigwe picha mbele ya Ng'e au Simba. Waache.

Samrat ya uani

Vifaa: bomba la plastiki la inchi 4 lenye urefu wa sentimita 50, waya mwembamba uliokaza, ubao, pima maji, timazi, karatasi.

Kwanza tafuta kaskazini ya kweli. Simamisha kijiti wima kwa timazi mahali tambarare, chora duara kukizunguka. Asubuhi weka alama pale ncha ya kivuli inapogusa duara ikiingia. Alasiri weka nyingine inapogusa ikitoka. Mstari unaounganisha alama hizo ni mashariki na magharibi. Unaoukata katikati kwa pembe mraba ni kaskazini na kusini. Wanafalaki wa Kiislamu waliiita njia hii duara ya Kihindi, na waliitumia pia kutafuta kibla.

Pili, pasua bomba katikati kwa urefu, upate mfereji. Kila mwisho funga kijiti chembamba kilichosimama kutoka kitakoni hadi usawa wa midomo ya mfereji, katikati kabisa, na ukaze waya kutoka kijiti hadi kijiti. Waya huo ndio ukingo wa ngazi ya Jaipur.

Tatu, mizani. Kata karatasi itoshe upinde wa ndani kutoka mdomo hadi mdomo, igawe sehemu kumi na mbili zilizo sawa, uibandike. Mdomo wa magharibi andika saa kumi na mbili asubuhi, kisha moja, mbili, tatu. Kitakoni saa sita mchana. Mdomo wa mashariki saa kumi na mbili jioni. Hesabu yetu ya saa inakaa humo bila kugeuzwa.

Nne, mwinamo. Laza mfereji juu ya mstari wa kaskazini na kusini, midomo yote miwili ikiwa sawa kwa pima maji, kisha inua mwisho mmoja kwa latitudo yako. Kusini mwa ikweta unainua upande wa kusini. Kwa bomba la sentimita 50, Nairobi inuka sentimita 1.1, Arusha 2.9, Mombasa 3.5, Dar es Salaam 5.9, Lubumbashi 10. Kampala bomba linalala karibu tambarare. Maskati ni upande wa kaskazini unaoinuka, sentimita 20.

Tano, marekebisho. Ya tarehe ni yale yale ya Jaipur, maana ni ya dunia nzima. Ya mahali, ongeza dakika 21 Mombasa, 23 Dar es Salaam, 33 Nairobi, 10 Lubumbashi, 6 Maskati. Mtu wa Dar mwanzoni mwa Novemba ataongeza 23 na kutoa 16: jua lake la saa sita linafika saa sita na dakika 7 hivi.

Kwenye bomba hili kivuli hutembea robo ya milimita tu kwa dakika, kwa hiyo usitegemee zaidi ya dakika tano za usahihi. Ukitaka zaidi, panua upinde: nusu pipa la lita 200 lililopasuliwa kwa urefu linakupa zaidi ya sentimita 7 kwa saa, ilimradi fundi ahakikishe waya uko katikati sawasawa. Likichelewa asubuhi na kuwahi jioni, au kinyume chake, waya haujakaa kwenye usawa wa midomo. Likikosea kwa kiasi kile kile siku nzima, sogeza karatasi.